Filamu Nne za Mapenzi za Kitambo: Utazame Ipi, na Nani?

Mtu anayetaka kuanza kutazama vichekesho vya mapenzi vya zamani kutoka Marekani hukwama mapema, kwa sababu kila anayemuuliza humtajia filamu nyingine na kila mmoja huapa kwamba yake ndiyo tamu kuliko zote. Makala haya yanalinganisha nne ambazo hutajwa mara nyingi: It Happened One Night ya mwaka 1934, Bringing Up Baby ya 1938, The Shop Around the Corner ya 1940 na Roman Holiday ya 1953. Zote ni za picha nyeusi na nyeupe, hakuna inayofika saa mbili kamili, na hakuna yenye jambo litakalomfanya mtu akimbilie rimoti mkwe anapoingia sebuleni. Zaidi ya hapo zinatofautiana sana, na anayezichukulia kuwa kitu kimoja anaweza kuanza na ile isiyomfaa, akachoshwa nayo, kisha akazihukumu zote kwa kosa la moja.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima kwa vigezo vitano. Cha kwanza, na kwa maoni yangu kilicho kizito kuliko vingine, ni kizuizi: ni nini hasa kinachowazuia wapendanao kufikiana? Hadithi ya mapenzi isiyoingia chumbani humshika mtazamaji kwa kile kilichowekwa kati ya wawili hao, na kizuizi kikiwa cha kubabaisha, hamu ya kuendelea humtoka mtu kabla ya nusu saa kwisha. Cha pili ni aina ya kicheko, kwa kuwa wapo wanaocheka mtu akianguka na wapo wanaocheka mtu akijibiwa. Cha tatu ni lugha, yaani kasi ya mazungumzo na ugumu wake kwa mtazamaji ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya pili au ya tatu. Cha nne ni watu wa kutazama nao, pamoja na yale yaliyochakaa ambayo leo yanaweza kumkera mtu. Cha tano ni mwisho, kwa sababu si kila filamu ya mapenzi inayofurahisha humalizika kwa harusi, na ni vizuri mtu ajue anachokiendea.

Hadithi zenyewe kwa ufupi

It Happened One Night, iliyoongozwa na Frank Capra, inamhusu Ellie Andrews, binti wa tajiri aliyeolewa na rubani mwenye jina bila ridhaa ya baba yake. Baba anamzuilia ndani ya boti ya kifahari huko Florida. Binti anajitosa baharini, anaogelea hadi nchi kavu na kupanda basi la kwenda New York, ambamo anakutana na Peter Warne, mwandishi wa habari aliyetoka kufukuzwa kazi. Wanaoigiza ni Claudette Colbert na Clark Gable, yuleyule aliyekuja Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuigiza katika Mogambo.

Bringing Up Baby ya Howard Hawks ina mtaalamu wa mifupa ya wanyama wa kale, David Huxley, anayesubiri mfupa mmoja wa mwisho ili akamilishe kiunzi cha dinosaria katika jumba la makumbusho, huku harusi yake ikiwa kesho. Anakumbana na Susan Vance, mwanamke asiyejua maana ya kutulia, ambaye nyumbani kwake kuna chui anayefugwa kwa jina la Baby. Cary Grant ni mtaalamu, Katharine Hepburn ni Susan.

The Shop Around the Corner iko Budapest, katika duka la mikoba na bidhaa za ngozi la mzee Matuschek. Makarani wawili, Alfred Kralik na Klara Novak, hawapatani hata kidogo kazini, na hawajui kwamba ndio haohao wanaoandikiana barua za mapenzi bila kutajana majina. Imeongozwa na Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin ambaye baba yake alikuwa fundi cherehani mwenye duka lake, na ujuzi huo wa maisha ya nyuma ya kaunta unaonekana. James Stewart na Margaret Sullavan ndio makarani.

Roman Holiday ya William Wyler inamfuata binti mfalme wa nchi isiyotajwa, Ann, anayetoroka usiku mmoja akiwa ziarani Roma na kuokotwa na Joe Bradley, mwandishi wa habari wa Kimarekani. Audrey Hepburn na Gregory Peck.

Kinachowatenganisha

Katika filamu ya Capra kizuizi ni blanketi. Mvua imeharibu njia, basi limekwama, na Peter, ambaye mfuko wake una sarafu za kuhesabika, amekodi kibanda kimoja cha wasafiri kwa jina la mume na mke. Anafunga kamba katikati ya vitanda viwili, anatundika blanketi juu yake na kuliita kuta za Yeriko, akimhakikishia Ellie kwamba yeye, tofauti na Yoshua wa Biblia aliyeziangusha kuta hizo kwa tarumbeta, hana tarumbeta. Kisha anampa pajama zake zilizo nzuri zaidi. Taa inazimwa, mvua inanyesha nje, na mwanamke aliyesafiri na mwanamume huyu kutwa nzima ndipo anapokumbuka kumuuliza, kupitia kitambaa, jina lake ni nani. Hakuna anayemgusa mwenziwe, lakini mtazamaji hahitaji kuambiwa kinachoendelea katika kila upande wa blanketi.

Wengi hudhani kwamba usafi wa namna hii ulilazimishwa na wakaguzi, na kwa sehemu kubwa ya filamu za kipindi hicho dhana hiyo ni sahihi. Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa mwaka 1930, lakini zilianza kusimamiwa kwa ukali katikati ya mwaka 1934, filamu zote zilipotakiwa kuwa na cheti kabla ya kuonyeshwa. It Happened One Night ilikuwa imekwisha kutoka mwezi wa Februari. Kwa hiyo blanketi lile liliwekwa na waandishi kwa hiari yao, kwa sababu walijua lingefanya kazi ambayo kitanda kimoja kisingeweza kuifanya. Filamu tatu zilizobaki zilitengenezwa chini ya kanuni zilizokaza, na waandishi wake walilazimika kutafuta kila mmoja blanketi lake.

Lubitsch alilipata katika karatasi. Klara na Kralik wanafunguliana moyo kwa kalamu usiku na kurushiana maneno mchana, na kinachowatenganisha si umbali wala ukoo, ni kiburi tu na picha ambayo kila mmoja amejichorea kuhusu mwandani wake asiyemwona. Kuna picha moja ya sekunde chache ambayo ningeichukua mbele ya mabusu mengi ya filamu za leo: tunatazama kutoka ndani ya kisanduku cha barua cha posta, mkono wenye glavu unaingia, unapapasa mle ndani, haukuti kitu, kisha uso wa Klara unachungulia kuhakikisha. Filamu nzima iko pale. Jambo linaloongeza ladha ni kwamba Kralik anaugundua ukweli mapema na Klara haujui, hivyo tangu hapo tunamtazama mwanamume akijaribu kupendwa kwa sura yake halisi na mwanamke ambaye tayari anampenda kwa maandishi.

Katika Roman Holiday kizuizi ni wajibu, na juu ya wajibu kuna uongo wa pande mbili. Binti mfalme anajifanya mwanafunzi aliyetoroka shule. Joe anajifanya mfanyabiashara, ilhali amekwisha kumtambua na ameahidiwa dola 5,000 na mhariri wake kwa habari za ndani za maisha ya binti huyo. Kila mmoja anamdanganya mwenziwe siku nzima, na kadiri wanavyozidi kupendana ndivyo uongo unavyozidi kuwa mzito. Hiki ndicho kizuizi kigumu kuliko vyote vinne, kwa sababu blanketi hushuka na barua hufunguliwa, lakini ufalme haubembelezwi.

Bringing Up Baby ni tofauti kabisa. Hapa kizuizi ni mwanamume mwenyewe, ambaye hataki. Ana mchumba, ana mfupa, ana tajiri wa kumwomba dola milioni moja kwa ajili ya jumba lake la makumbusho, na Susan anamvurugia vyote kwa makusudi, kwa kuwa amekwisha kuamua kwamba huyu hamwachi aende zake. Ni mwanamke anayewinda na mwanamume anayekimbia. Ukweli ni kwamba anayetafuta kuguswa moyo anaweza kutoka hapa na njaa, kwa sababu filamu haimpi David nafasi ya kupumua, sembuse kutamani.

Aina ya kicheko

Kwa wingi wa kicheko Bringing Up Baby inazipita nyingine zote, nayo ni kicheko cha purukushani. Mfano mmoja unatosha: katika ukumbi wa mgahawa wa kifahari Susan anachana koti la David kwa bahati mbaya, muda mfupi baadaye David anakanyaga gauni lake na kipande chote cha nyuma kinabaki chini ya kiatu, bila mwenyewe kujua. David anajaribu kuziba kwa kofia, anaonekana mhuni, na hatimaye wanatoka ukumbini wakitembea kwa hatua moja, yeye amemganda mgongoni kama kivuli, mbele ya wageni wote. Baadaye wanaongezeka mbwa anayefukia mfupa adimu bustanini na chui wa pili, huyu mkali, wa sarakasi, anayefunguliwa kimakosa akidhaniwa ni Baby. Mtazamaji wa kwetu atakuwa na kicheko cha ziada ambacho waandishi hawakukikusudia: chui Baby anasemekana kutoka Brazil, alikotumwa na kaka yake Susan, nchi ambayo haijawahi kuwa na chui wa porini hata mmoja.

It Happened One Night huchekesha kwa kuwashusha watu wawili wenye majivuno, mmoja ya pesa na mwingine ya ujanja. Peter anamfundisha binti tajiri namna ya kuchovya donati kwenye kahawa bila kuiacha ikalowa kupita kiasi, somo ambalo yeyote aliyewahi kupoteza nusu ya andazi ndani ya chai atalielewa. Kando ya barabara anamweleza kwa kirefu mitindo yake ya kidole gumba ya kuomba lifti, kila mmoja na falsafa yake. Magari yanapita yote. Ellie anasimama, anavuta sketi hadi juu ya goti, na gari la kwanza linafunga breki.

The Shop Around the Corner haikuchekeshi kwa sauti. Kila mara mzee Matuschek anapoulizia maoni ya kweli kutoka kwa wafanyakazi wake, karani Pirovitch, ambaye ana familia ya kulisha na hataki matatizo, anatoweka nyuma ya mlango au ngazini kabla swali halijamfikia. Klara anapata kazi kwa kumuuzia mteja mnene kisanduku cha sigara chenye muziki, akimwambia ni cha pipi na kwamba wimbo wake utamkumbusha asile nyingi. Na anapomtukana Kralik mkahawani, anatumia bidhaa za dukani: mahali pa moyo ana mkoba, mahali pa roho ana sanduku la safari, na mahali pa akili ana kiberiti cha gesi kisichowaka. Ni tusi ambalo lingeweza kutoka kwa karani wa duka hilo peke yake, na ndiyo sababu linauma.

Roman Holiday ina kicheko cha tabasamu. Inaanza na binti mfalme akiwapokea mabalozi akiwa amesimama wima, huku chini ya gauni refu mguu mmoja umevua kiatu ili upumzike, kiatu kinaanguka, na vidole vinakitafuta bila mafanikio wakati juu uso unaendelea kutabasamu. Baadaye Joe anatia mkono ndani ya Mdomo wa Kweli, sanamu ya uso wa jiwe iliyoko katika kanisa la Santa Maria in Cosmedin ambayo inasemekana huwakata mikono waongo, na anautoa bila kiganja. Peck alikuwa amekificha kiganja ndani ya mkono wa koti bila kumwonya mwenzake, na ukelele wa Audrey Hepburn ni wa hofu ya kweli.

Lugha na kasi

Hapa mambo ni wazi na hayahitaji maelezo mengi. Roman Holiday ni nyepesi kuliko zote: watu wanazungumza taratibu, matukio mengi yanaeleweka kwa macho, na vipande vya Kiitaliano vilivyomo havikusudiwi kueleweka neno kwa neno. The Shop Around the Corner inafuata. Ni ya maneno mengi, lakini yanatamkwa vizuri na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kama mchezo wa jukwaani ambao ndiyo asili yake. It Happened One Night ina sauti ya kizamani zaidi na lugha ya mitaani ya waandishi wa habari wa wakati huo, hivyo maandishi ya chini ya skrini yanasaidia. Bringing Up Baby ni ngumu hata kwa wazawa wa lugha yenyewe, kwani Hawks aliwataka waigizaji waingiliane katikati ya sentensi, na watu watatu huweza kuongea pamoja na mbwa akibweka. Anayeitazama bila maandishi atacheka vitendo na kupoteza zaidi ya nusu ya majibizano.

Kutazama na nani, na yaliyochakaa

Zote nne zina sigara na pombe za kutosha, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyokuwa. Katika mengine, kila moja ina doa lake.

Doa la It Happened One Night ni mkono mwepesi wa wanaume. Baba anampiga Ellie kofi mwanzoni mwa filamu, Peter anamchapa makalioni akiwa amembeba begani kuvuka mto, na karibu na mwisho anamwambia baba huyo kwamba binti yake anahitaji mtu wa kumchapa kila siku, awe amekosa au hajakosa. Inasemwa kama mzaha wa mtu aliyeumizwa na mapenzi, na hadhira ya mwaka 1934 ilicheka. Mzazi anayetazama na mabinti zake leo afadhali asimamishe filamu na kusema neno.

Kwa upande mwingine, filamu hii ina faida ya pekee kwa wasomaji wa Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam waliokulia kwenye filamu za Kihindi, kwa sababu hadithi yake huenda wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Chori Chori ya mwaka 1956, ya Raj Kapoor na Nargis, ni hadithi hiihii ya binti tajiri aliyetoroka na mwandishi wa habari ndani ya basi, na mwaka 1991 ilirudi tena kwa jina la Dil Hai Ke Manta Nahin, Aamir Khan akiwa mwandishi. Bibi anayekumbuka nyimbo za Chori Chori atakaa chini kutazama toleo la Marekani kwa hamu ya kulinganisha, na pengine atalalamika kwamba halina nyimbo za kutosha, ingawa kuna wimbo mmoja ambao abiria wote wa basi wanauimba pamoja.

Doa la The Shop Around the Corner si la maadili ya kizamani, ni la huzuni. Mzee Matuschek anagundua kwamba mke wake ana uhusiano na mmoja wa wafanyakazi wake na anajaribu kujiua ofisini. Mke hatumwoni hata mara moja, damu hatuioni, na kijana wa kutumwa dukani anamwahi. Hata hivyo aliyefiwa kwa njia hiyo, au mzazi mwenye watoto wadogo, anastahili kujua kabla. Nje ya hapo ni filamu inayowafaa sana watu wazima wanaofanya kazi za kuajiriwa, kwa sababu wasiwasi wa kupoteza kibarua unaishi ndani yake toka mwanzo. Kralik anafukuzwa kwa kosa lisilo lake, na namna wenzake wanavyomuaga haijachakaa hata kidogo.

Roman Holiday ndiyo inayoweza kutazamwa na familia nzima kwa urahisi zaidi. Kuna usiku ambapo binti mfalme, akiwa amelewa dawa ya usingizi aliyodungwa na daktari wake, analala chumbani kwa Joe, lakini Joe anamhamishia kwenye kochi na kujichukulia kitanda, na huo ndio upeo wa jambo. Pia, kwa kuwa ilipigwa yote Roma kwenyewe, watoto wanaochoshwa na mazungumzo wana pikipiki ya Vespa, ngazi za Piazza di Spagna na purukushani ya kwenye jahazi la dansi ya kutazama. Watoto wadogo zaidi watapenda Bringing Up Baby kwa sababu ya chui na mbwa, ingawa itabidi mtu mzima awe tayari kueleza kwa nini Cary Grant amevaa gauni la kike la chumbani. Jibu ni kwamba Susan amezipeleka nguo zake kwa dobi makusudi ili asiondoke.

Mwisho

Asiyetaka kujua mapema miisho ya hadithi aruke sehemu hii.

It Happened One Night ina mwisho wa kutosheleza. Baba anadhani Peter amekuja kudai zawadi ya dola 10,000 iliyotangazwa kwa atakayempata binti. Peter anadai dola 39 na senti 60 alizotumia njiani, si zaidi, na kwa hesabu hiyo ndogo baba anatambua ni mkwe wa namna gani aliyesimama mbele yake. Mwishoni kabisa wapenzi hatuwaoni tena. Tunaona kibanda kwa nje, tunasikia tarumbeta ya mtoto ikipulizwa, na blanketi linaanguka sakafuni.

The Shop Around the Corner inamalizika mkesha wa Krismasi, theluji ikianguka, kwa ufunuo unaocheleweshwa kwa ustadi hadi mtazamaji anataka kupiga kelele. Lakini kabla ya hapo kuna jambo dogo lililonigusa kuliko ufunuo wenyewe: mzee Matuschek, ambaye sasa hana wa kula naye, anasimama mlangoni akiwauliza wafanyakazi wake mmoja mmoja wanakwenda wapi, na kila mmoja ana mahali. Anabaki kijana mpya wa kutumwa, mgeni mjini. Mzee anamtajia supu ya kuku, bata bukini wa kuokwa na vingine, na uso wa kijana unang'aa, wanaondoka pamoja.

Bringing Up Baby inaishia kwa kishindo, kwa maana halisi: Susan anapanda ngazi kumletea David mfupa uliopotea, kiunzi chote kinaporomoka, na mtaalamu ambaye kazi yake ya miaka imegeuka lundo anabaki amemkumbatia aliyeiporomosha.

Roman Holiday haiwaunganishi. Binti mfalme anarudi ubalozini kwa hiari yake, na siku inayofuata wanakutana hadharani, mbele ya waandishi wa habari na walinzi, wakisemezana kwa maneno ya itifaki ambayo wao wawili tu wanaelewa uzito wake. Picha ambazo zingeweza kumwaibisha anakabidhiwa ndani ya bahasha kama zawadi ya ukumbusho. Kisha Joe anatembea peke yake kutoka katika ukumbi ule mrefu. Wengine hulia, wengine hukasirika. Sijawahi kukutana na mtu aliyetamani mwisho huo ubadilishwe baada ya kuutafakari, lakini usiku wa kwanza unaweza kumwacha mtu na uzito kifuani.

Uchaguzi kwa hali yako

Tuzo na sifa hazitakusaidia sana kuamua. It Happened One Night ilikuwa ya kwanza kutwaa tuzo tano kuu za Oscar kwa pamoja, Roman Holiday ilimpa Audrey Hepburn Oscar yake, na Bringing Up Baby haikufanya vizuri ilipotoka, hata mwaka huohuo chama cha wenye majumba ya sinema kikamtaja Katharine Hepburn miongoni mwa nyota wanaofukuza wateja. Leo zote zinasifiwa bila ubaguzi.

Anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kutazama filamu isiyo ya rangi hadi mwisho, aanze na Roman Holiday, kwa kuwa lugha yake ni nyepesi na Roma inamshika macho hata pale hadithi inapopumzika. Isipokuwa awe ametoka kuachana na mtu hivi karibuni. Huyo aanze na Bringing Up Baby, ambayo haitampa dakika moja ya kukumbuka lolote.

Wachumba, au mume na mke wenye ndoa changa, watafurahia zaidi It Happened One Night, hasa wakiwa watu wa kutaniana. Waliokaa kwenye ndoa miaka mingi, na wale wanaogombana kazini na mtu ambaye hawaelewi kwa nini anawashughulisha mawazo kiasi hicho, watajikuta katika The Shop Around the Corner. Hiyohiyo ndiyo ningempa aliye mbali na kwao, Toronto au Oslo, sikukuu ya Krismasi ikimkuta bila ndugu, kwa sababu ya mzee Matuschek na yule kijana wa kutumwa.

Nyumba yenye vizazi vitatu sebuleni ina njia mbili. Wazee wakiwa wapenzi wa filamu za Kihindi, It Happened One Night itazua mazungumzo marefu, mradi watoto waelezwe kuhusu yale makofi. Watoto wakiwa ndio wengi, Roman Holiday ni salama zaidi, na aliye na usingizi wa mapema ajue kwamba ndiyo ndefu kuliko zote, dakika 118, wakati The Shop Around the Corner ni dakika 99. Bringing Up Baby haifai kuwekwa usiku huo huku watu wakila na kuulizana chumvi, kwa sababu anayekosa sentensi mbili haelewi tena mfupa uko wapi, na chui aliye ndani ya gari ni yupi kati ya wale wawili.